Mzee Wangu Haoni Barabara, na Safari Ni Tamu

Mpendwa mshauri,

Msaada naomba, lakini nikuambie mapema kwamba mimi si mtu wa kuomba ushauri, mimi ndiye huombwa, mtaani kwetu msichana akigombana na mumewe hukimbilia kwenye cherehani yangu kabla hajakimbilia kwa mama yake, na nikishamsema vya kutosha hurudi kwake amenyooka. Shule niliiacha mapema, kwa hiyo ukikuta herufi imekaa upande inyooshe mwenyewe, ndiyo kazi uliyoajiriwa. Na usinijibu kwa ile sauti laini unayowajibia wasichana wanaolia kwamba mchumba hapigi simu. Mimi ni bibi wa wajukuu, nashona sare za shule, uzi natunga kwenye sindano bila miwani, na mume wangu ni yule yule mmoja.

Huyu mume wangu alikuwa dereva wa malori. Wenzake walimwita Kona, kwa kuwa barabara ya kwenda kwenye mabonde ya maji haikuwa na kona asiyoijua, angeweza kukuchorea yote kwa kidole kwenye unga. Maisha yetu yote ya ndoa yeye alikuwa mtu wa kuondoka na mimi mtu wa kubaki, anarudi na vumbi na hadithi, leo nimeona viboko, leo tembo wamefunga njia, leo nimenawa uso kwenye maporomoko ya maji, na mimi niko na watoto na ndoo na sare za watu, namwambia kula ulale, hadithi zako hazioshi vyombo. Lakini moyoni nilikuwa na wivu, mshauri. Wivu wa wanawake wengine sikuwa nao, hao ningewamudu. Nilikuwa na wivu wa viboko.

Alipostaafu akanunua pikapu kuukuu, akaifufua kipande kwa kipande uani kwetu, na mwezi uliopita akaingia chumbani ninakoshonea, akasimama katikati ya vitambaa na kusema, "Mama Watoto, funika cherehani. Twende ukaone." Nikamwambia nina sketi za watu hapa hazina mikanda. Akasema, "Watavaa za zamani." Nikajitia kununa kidogo, kwa ajili ya heshima yangu tu, kisha nikaenda kuchemsha mayai ya njiani.

Sijui kama umewahi kukaa kiti cha mbele cha gari ambalo ni lenu, kioo kimeshushwa, mumeo amevaa shati ulilomshonea mwenyewe, na mtaa wenu wote unabaki nyuma pamoja na majirani wanaojifanya wanafagia ili waone mnaondoka na nini. Nilicheka mpaka upepo ukanivua kitambaa cha kichwa. Mzee akarudisha gari nyuma tukiokote, akakipita, akaenda mbele, akakipita tena, mpaka nikashuka mwenyewe nikakiokota nikiwa nimeshika mbavu kwa kicheko. Nilidhani ananitania.

Tukashuka mlima, na chini ya mlima ardhi ikakoma yakaanza maji, si ziwa wala mto, ni maji yaliyolala ndani ya majani, mafunjo yamesimama marefu kupita dari la nyumba yangu, na barabara imepita katikati juu ya tuta jembamba. Ndege wenye miguu mirefu wanatembea juu ya majani yanayoelea kama watu wanaovuka sebule iliyopigwa deki sasa hivi. Vyura wanaimba, wadudu wanaimba, mimi mwenyewe nikawa naimba. Hapo mzee akasimamisha gari, akanyoosha mkono nje, uso unang'aa.

"Ule mti pale," akasema. "Tazama korongo walivyojaa, kila tawi na kiota chake. Miaka yote nakuhadithia, leo umeuona mwenyewe."

Nikatazama. Mti haukuwepo. Palikuwa na kisiki, kimekatwa siku nyingi mpaka kimeota uyoga, na juu yake hapakuwa na hata nzi. Nikageuka nimtazame, maana Kona akitania hukunja jicho la kushoto. Macho yake yalikuwa wazi yote mawili, yanauchekea ule mti.

Nikasema, "Ni wengi kweli, mume wangu."

Ndipo mambo yakaanza kujipanga kichwani. Tangu mwaka jana mimi ndiye ninayemsomea gazeti, pamoja na ukurasa wako huu, amesema siku hizi wanachapa herufi za sisimizi. Chai anamimina nje ya kikombe, analaumu kikombe. Jirani anampungia mkono, hajibu, jirani ananiletea mimi kesi. Nilidhani ni ukaidi wa uzee, nikawa namsema tu asubuhi na jioni.

Sikupata nafasi ya kufikiri zaidi, kwa sababu mbele yetu katikati ya tuta kulikuwa na kitu kikubwa cha rangi ya matope kimelala, na mzee, ambaye ameshaondoa gari tena, anakiendea moja kwa moja huku anavumisha wimbo puani.

"Mume wangu, kuna kitu barabarani."

"Kivuli hicho."

"Kivuli gani chenye masikio?"

"Mama Watoto, hii barabara mimi naijua."

"Kona, breki."

Akakanyaga. Gari lilisimama karibu mno hata nikaziona nywele za pua ya kiboko. Akafumbua mdomo, mshauri, mdomo ule ungemeza cherehani yangu na meza yake, akatutazama kama mwenye nyumba anavyowatazama watu walioingia bila hodi, kisha akajikokota akashuka majini, na tuta lote likatikisika. Mzee akafuta kioo kwa kiganja. Halafu akasema, "Jua lilinipiga usoni." Jua lilikuwa mgongoni kwetu.

Mwanamke mwenye akili timamu hapo angesema geuza gari turudi. Mimi akili zangu nilikuwa nimeziacha nyumbani na zile sketi. Niliogopa, lakini nilikuwa nimemwona kiboko, nimemwona kinywani kabisa, na nilitaka kuona zaidi. Nikashika dashibodi, nikamwambia, "Twende. Lakini mimi ni mgeni huku, nataka nikitaje kila ninachokiona."

Akasema, "Taja basi."

Nikataja. Usukani nikampimia kama pindo, vidole viwili kulia. Shimo, kiganja kizima kushoto. Nyani na mwanawe, ngoja wapite. Daraja la mbao, nyoosha, nyoosha hivyo hivyo, usipumue. Mamba amelala ukingoni kama gogo, hapana, lile ni gogo, mamba ni huyu mwingine. Na mzee akatii. Mwanaume ambaye tangu nimjue hajawahi kunitii hata kufunga mlango wa bafu alikuwa akifuata vidole vyangu kama kitambaa kinavyofuata mkono. Nikajiona niko kwenye cherehani, nashona pindo refu kuliko yote niliyowahi kushona, yeye ndiye mguu unaokanyaga, mimi ndiye mkono unaoongoza. Twiga walikula juu ya paa letu. Tembo tuliwazimia injini wavuke, mama mbele, watoto katikati, shangazi nyuma amefungua masikio kama mtu anayetafuta ugomvi, na mimi namnong'oneza mume wangu kila mmoja anavyotembea, na yeye amefumba macho anatabasamu.

Maporomoko tuliyasikia kabla ya kuyaona. Unyevu uliingia garini, mayai yakalowa, nguo zikanata. Tukashuka njia ya mawe nimemshika mkono, wageni wengine waliokuja kutazama wakawa wanasema tazama wazee wanavyopendana, nikavimba kichwa, ingawa ukweli ni kwamba nilikuwa namzuia asiporomoke naye. Maji yanamwagika kutoka juu kama mtu ameangusha majora ya kitambaa cheupe, yanafunguka, yanafunguka, hayafiki mwisho. Na upinde wa mvua ulikuwa chini yetu, tunautazama kama mtu anavyotazama kisimani. Nikamwambia. Akasema, "Nisimulie wewe, mimi nimeyaona mno." Kisha akaniuliza, "Juu kabisa ni rangi gani?" Nikasema nyekundu. "Halafu?" Nikazitaja zote, na zile nisizozijua jina nikazitaja kwa sare, hii ni ile ya shule ya wasichana, hii ni ya shule ya ng'ambo ya soko, hii ni ile ambayo ikifuliwa mara moja imekwisha. Akacheka mpaka akakohoa. Tukasimama pale tukalowa kama vifaranga. Nimezaa, nimeozesha, nimeshona magauni ya maharusi wa mtaa mzima, siku kama ile sijawahi kuipata, na ninaitaka tena, mshauri, ninaitaka kama mtoto anavyotaka pipi.

Sasa shida yangu. Tumerudi salama, pikapu haina mkwaruzo ila taa moja ya nyuma iliyokutana na geti letu wenyewe. Mzee amepata ujana, anatembea kifua mbele, na amewaahidi wajukuu, watoto wa binti yetu, kwamba Jumamosi ijayo, shule zikiwa zimefungwa, atawapakia nyuma ya pikapu waende wakaone viboko, kisha atatufikisha kwenye maporomoko ya pili nyuma ya msitu, ambayo anasema yale ya kwanza ni bomba la jikoni ukiyalinganisha. Watoto wameanza kulala na viatu. Binti yangu anamwamini baba yake kuliko anavyomwamini mumewe, ameshawafungia nguo.

Nikisema, binti atamwambia kaka yake, ambaye ni fundi bomba na tangu zamani ameitolea macho ile pikapu abebee mabomba yake, naye atachukua funguo kabla sijafunga mdomo. Na Kona bila funguo ni nani? Nimewaona wenzake waliokalishwa, wanashinda kizingitini wanalinda kuku. Mzee wa namna hiyo siwezi kumzaa mimi kwa ulimi wangu. Nikinyamaza, nitakaa kiti cha mbele, nitamwongoza kama nilivyomwongoza, na tutafika, maana tulifika. Nataka uniambie kwamba macho mawili mazima yanatosha gari moja. Hilo ndilo jibu ninalolitaka, sikufichi. Lakini kila nikiwafikiria wale watoto wamekaa kule nyuma wanaimba, sindano inanichoma, kitu ambacho hakijanipata tangu najifunza kushona.

Jibu kabla ya Jumamosi, na ujibu kama mtu mzima.

Ni mimi,
Mke wa Kona


JIBU LA MSHAURI

Mke wa Kona,

Shikamoo, bibi. Heshima yako umeipata, sasa kaa nikuseme.

Hapana. Nimeliweka neno hilo mbele ili lisikupite. Macho mawili mazima hayatoshi gari moja kama yamekaa kiti cha abiria. Umeupenda sana mfano wako wa cherehani, na mimi nilikaribia kuupenda, lakini pindo likienda kombo unafumua unashona upya. Mjukuu hafumuliwi. Yule kiboko alikuwa amelala, akawapa nafasi ya kubishana kuhusu vivuli na masikio. Mtoto wa mtu anayekatiza na baiskeli hatawapa nafasi hiyo. Neno litoke mdomoni mwako, liingie sikioni kwa mzee, lishuke mpaka mguuni, wakati huo jambo limekwishatokea na mnashuka kutazama mmegonga nini. Mlifika kwa sababu barabara iliwahurumia. Usiichukulie huruma hiyo kuwa ni leseni.

Na umejua tangu kwenye kisiki. Tangu kisiki, bibi. Wewe ambaye wasichana wa mtaa wanakukimbilia uwanyooshe, ulikaa unamsifia mumeo ndege ambao hawapo. Angekuja msichana mmoja na hadithi hiyo kwenye cherehani yako ungemfukuza kwa futi ya mbao.

Lakini sikulaumu kwa kufurahi. Barua yako nimeisoma mara ya pili kwa ajili yangu mwenyewe, kwa ajili ya wale tembo. Mwanamke aliyebaki nyumbani miaka yote akisikiliza habari za maporomoko ana haki ya kwenda kulowa. Mtu asikuambie kwamba umri wako ni wa kukaa.

Sasa nikuonyeshe ambalo hukuliona, wewe unayetunga uzi bila miwani. Unadhani unamficha mzee. Mwanaume asiyetii hata kufunga mlango wa bafu, akatii vidole viwili kulia, kiganja kushoto, safari nzima, unadhani hajui? Nani alisema "taja basi"? Nani alifumba macho tembo walipopita? Nani aliuliza rangi moja baada ya nyingine, kama mtu anayeziweka akiba? Kona anajua. Anajua pia kwamba wewe unajua. Mmepanda gari moja mmebeba mzigo mmoja mapajani, kila mmoja anajifanya haumuumizi. Na kwa nini alikuja kukufunikisha cherehani mwezi uliopita, asije miaka ile yote? Labda aliona giza linamjia, akataka uione barabara yake kabla haijafutika. Labda peke yake asingefika tena. Mimi siwezi kukuambia ni lipi, na wewe usikae ukikisia. Muulize.

Kuna jambo limeniudhi zaidi ya yote. Umejaza kurasa viboko na mamba na magogo yanayofanana na mamba, hakuna hata mstari mmoja wenye daktari wa macho. Macho ya wazee huota utando, na utando huo watu huenda wakatolewa, wakarudi wakisoma herufi za sisimizi. Huenda wa mzee wako ni huo. Huenda ni ugonjwa mwingine, ambao kila wiki mnayofichana unakula kidogo kilichobaki. Mimi si daktari, na wewe cherehani haikukupa udaktari. Mpeleke wiki hii. Akikataa, mwambie unataka ayaone maporomoko ya pili, na kwamba umechoka kusimulia.

Utaanzaje kumwambia? Umeshasema unamsomea gazeti. Basi ukifika ukurasa huu usiuruke, na usijifanye kikohozi kimekukamata. Msomee barua yako yote, kisiki na kitambaa cha kichwa na jua la mgongoni, halafu umsomee na haya yangu. Atanuna. Mwache anune, wewe hujui kununa? Atasema mimi ni mtoto mdogo, sijui lolote la barabara, naye atakuwa amesema kweli. Akimaliza, mwombe funguo. Mwombe, usizichukue. Mtu anayekabidhi funguo kwa mkono wake bado ni Kona, anayenyang'anywa na mwanawe ndiye atakayeishia kulinda kuku. Funguo zikae kwenye mfuko wa aproni yako, na fundi bomba mwambie mshauri amesema atafute mkokoteni.

Binti yako mwambie leo, usingoje mzee amalize kununa. Wale ni watoto wake, na siri hii haikuwa yako kumtunzia. Atalia, atakukasirikia, ana haki. Jumamosi hakuna mtoto anayepanda nyuma ya pikapu ile na babu yake kwenye usukani, hata kama atazunguka nyumba tu. Kama mkweo ana leseni au kuna mstaafu mwenzake Kona ambaye macho yake yamepimwa, yeye aendeshe, mzee akae pembeni yake amtajie kona, na watoto wakae ndani ya gari lenye viti vya kutosha, wafunge mikanda. Asipopatikana mtu, watoto wavue viatu walale. Viboko hawana safari, watawakuta.

Na wewe, bibi, sikuachi hivi hivi. Unajisifu kwamba macho yako hayana kasoro, na nakuamini. Umeiendesha pikapu ile kwa mdomo kutoka kwenye mafunjo mpaka kwenye maporomoko, daraja la mbao ukalivuka bila kupumua. Unachokosa ni kuhamia kiti cha pili. Shule za udereva hazimfukuzi mtu kwa mvi. Mwalimu atakufundisha sheria, na mumeo, ambaye amebeba barabara nzima kichwani, atakufundisha wakati wa kupunguza mwendo kabla kona haijaonekana. Hapo mtakuwa na gari lenye dereva mmoja anayeona na abiria mmoja anayejua, mpangilio ambao hata polisi wa barabarani hana la kusema. Utazima injini katikati ya makutano, vijana watakupigia honi na kukutukana. Watukane nawe, kisha uwashe upya.

Jumatatu asubuhi nenda ukajiandikishe. Usiniandikie tena mpaka uwe na leseni.